Gawaneni Kabla ya Kuvuna: Mwongozo wa Kuongoza Utafiti wa Pamoja Tarime na Serengeti

Siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa katika kijiji cha Serengeti huanza na watoto. Wanafika shuleni asubuhi wakiwavuta mbwa kwa kamba za katani, kwa minyororo, wengine kwa utepe uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli. Mezani yupo afisa mifugo anayevuta chanjo kwenye bomba la sindano, na kando yake mtu anayejaza kadi: jina la mwenye mbwa, kitongoji, jina la mbwa, rangi, jinsi, umri. Kadi anaondoka nayo mtoto. Maandishi yale yale yanabaki daftarini. Mpita njia ataona huduma ya mifugo tu. Kumbe kumbukumbu za meza kama ile zimelisha utafiti wa taasisi za Tanzania, Uingereza na Marekani kwa zaidi ya miaka 20, na makala zilizotokana nazo zinasomwa na wapangaji wa chanjo katika nchi nyingi.

Mwongozo huu ni wako wewe mhadhiri, au mwanafunzi wa uzamivu anayekaribia kuwa mhadhiri, uliyekabidhiwa kuongoza mradi wa vyuo vitatu vinne, na uwanda wenu ukaangukia wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara. Neno langu kwako ni moja na mengine yote yanatoka humo: gawaneni kabla ya kuvuna. Wakulima wa ujima wanalijua hili. Makubaliano hufanyika shamba likiwa bado ni pori, kwa sababu magunia yakishajaa kila mtu anakumbuka jinsi jembe lake lilivyokuwa zito. Katika utafiti mavuno ni swali, data, majina kwenye makala, pesa na majibu. Vyote vitano mvigawe wakati bado hamna kitu mkononi na bado mnapendana.

Soma nyayo za waliotangulia

Usiingie Mugumu, makao makuu ya Wilaya ya Serengeti, kana kwamba wewe ndiye mtafiti wa kwanza. Taasisi ya Utafiti ya Serengeti ilianzishwa Seronera mwaka 1966, na sheria ya 1980 ikaunda taasisi ambayo leo ni TAWIRI (Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania), yenye jukumu la utafiti wa wanyamapori nchini. Kwa miaka mingi macho ya watafiti yalikuwa ndani ya hifadhi. Vijiji vilivyo nje ya mpaka vilitajwa zaidi pale palipotokea tatizo.

Kilichogeuza macho ni msiba wa simba. Mwaka 1994 virusi vya distempa, ugonjwa wa mbwa, viliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti, na wachunguzi wakalazimika kuwatazama mbwa wa vijijini. Hapo ndipo madaktari wa mifugo, wataalamu wa simba na wataalamu wa magonjwa ya binadamu walipojikuta kwenye meza moja. Kati ya 1996 na 2001 zikafanyika kampeni za kuwachanja mbwa hao dhidi ya kichaa wilayani Serengeti, na matokeo yaliyochapishwa 2003 yakaonyesha kwamba kichaa cha mbwa kilipungua kwa asilimia 70 baada ya kampeni ya kwanza, na kwa asilimia 97 baada ya kampeni ya pili. Mwaka 2002 makala nyingine, ikitumia takwimu za watu walioumwa na mbwa, ilikadiria kwamba Tanzania ilikuwa ikipoteza karibu watu 1,500 kila mwaka kwa ugonjwa huu, hadi mara 100 ya vifo vilivyokuwa vikiandikwa rasmi. Kisha ukaanza ufuatiliaji wa tukio moja moja: mbwa gani alimuuma nani, alitoka wapi, aliwauma wengine wangapi. Makala ya 2009 iliyoongozwa na Katie Hampson katika jarida la PLoS Biology imejengwa juu ya ufuatiliaji huo, na mwaka 2022 jarida la Science likachapisha uchambuzi wa zaidi ya miaka kumi ya kumbukumbu za wilaya hiyo hiyo moja. Majina ya taasisi yanayojirudia kwenye kazi hizi ni Taasisi ya Afya Ifakara, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha, Chuo Kikuu cha Glasgow na Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington.

Nakusimulia haya kwa sababu mbili. Kwanza, kazi ile ilitoa kabla ya kuchukua. Aliyeulizwa maswali kuhusu mbwa wake aliondoka na mbwa aliyechanjwa. Ukiuliza kwa nini watu wa Serengeti wamevumilia madaftari ya watafiti kwa miaka yote hiyo, naamini jibu liko ndani ya lile bomba la sindano.

Pili, watafiti wale walikubali kusahihishwa na data yao wenyewe. Hadithi ya kwanza ilikuwa rahisi: mbwa wanawaua simba. Mwaka 2008 uchambuzi mpya ukaonyesha kwamba ukame na vimelea vinavyoletwa na kupe vilichangia vifo vile. Mwaka 2015 ukaja mwingine kuonyesha kwamba kuchanja mbwa peke yake hakukuwaondolea simba virusi vya distempa. Marekebisho ya namna hii hayawezekani kama kila chuo kimefungia data yake kabatini. Yanahitaji daktari wa mifugo aliye tayari kumkabidhi mtaalamu wa hisabati jedwali lake la miaka 20 na kumwambia: nionyeshe nilipokosea.

Swali litoke wapi

Kosa la kwanza la viongozi wengi wa miradi ni kuandika andiko la mfadhili kwanza na kutafuta "mshirika wa huko" baadaye, wiki mbili kabla ya tarehe ya mwisho. Mshirika huyo anaombwa barua ya kuunga mkono na wasifu wake. Anatoa vyote, kwa adabu. Lakini swali si lake, na mradi mzima ataubeba kama mzigo wa mgeni.

Fanya kinyume. Kabla hujaandika sentensi moja, panda gari uende. Ukifika Nyamwaga, upande wa Tarime, na Mugumu, zungumza na afisa mifugo wa wilaya, zungumza na muuguzi anayewapokea walioumwa na mbwa, keti na mtendaji wa kata mwenye pikipiki isiyo na mafuta. Waulize ni jambo gani wangependa kulijua kuhusu kazi yao wenyewe. Uliza, kisha nyamaza uandike.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa chungu. Chanjo huhitaji ubaridi, na kata nyingi za Mara hazina jokofu la kutegemewa. Kwa afisa aliye kijijini hilo ndilo swali: nitaitunzaje chanjo hapa, ili nimchanje mbwa aliyezaliwa baada ya timu ya wilaya kuondoka? Mwaka 2016 kundi la watafiti lilionyesha kwamba chanjo moja ya kichaa cha mbwa ilibaki na nguvu hata ikikaa miezi 6 kwenye nyuzi joto 25, au miezi 3 kwenye nyuzi 30. Mwaka 2020 Ahmed Lugelo na wenzake wakachapisha ubunifu wa chombo cha udongo kinachotengenezwa hapa hapa nchini, kinachopoza kwa maji yanayovukizwa, kama ule mtungi wa bibi uliokaa kivulini. Njia ya kuwaachia chanjo watu wa kata husika ikajaribiwa mkoani Mara. Lile ni swali la afisa mifugo, likajibiwa kwa fizikia ambayo kila jiko la kijijini linaijua, na aliyetangulia kwenye orodha ya waandishi ni Mtanzania.

Mwingine ni Magai Kaare, ambaye makala yake ya 2009 pamoja na wenzake ililinganisha njia za kuchanja. Iligundua kwamba kituo kimoja cha chanjo kijijini kinatosha kwa jamii za wakulima wanaofuga, lakini hakitoshi kwa jamii zinazoishi kwa ufugaji. Hilo linaonekana dogo ukiwa Glasgow. Ukiwa unapanga mafuta ya gari Mugumu, ndilo jambo lenyewe.

Vibali na milango

Utafiti unaogusa afya ya binadamu unapita kamati ya maadili ya NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu). Unaogusa wanyamapori unapita TAWIRI, na ukiingia Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA) pia. Mtafiti mgeni lazima apate kibali cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) na awe na mshirika Mtanzania. Miezi inayotumika hapo ihesabu kwenye mpango wa kazi tangu mwanzo, maana mfadhili hatakuongezea muda kwa sababu barua ilikaa mezani kwa mtu.

Kisha barua inashuka ngazi: Katibu Tawala wa Mkoa pale Musoma, Katibu Tawala wa Wilaya, Mkurugenzi wa Halmashauri, Mtendaji wa Kata, Mtendaji wa Kijiji, mwenyekiti wa kitongoji. Tarime kuna halmashauri mbili, ya Mji na ya Wilaya, na ofisi za Halmashauri ya Wilaya ziko Nyamwaga. Nimeona timu ikirudishwa kutoka kijijini kwa sababu barua iliyobebwa ilikuwa ya mkurugenzi mwingine. Siku nzima na tanki zima la mafuta vikapotea. Kila ofisi ina kitabu cha wageni. Kiongozi wa mradi akisaini yeye mwenyewe, japo mara moja tu kwa kila kata, wadadisi watakaokuja baadaye watapokelewa tofauti. Na usiishie kwenye muhuri. Koo za Kikurya zina wazee wa mila ambao hawamo kwenye mpangilio wa serikali, na neno lao kijijini ni zito.

Kama swali lenu linavuka Sirari, kumbukeni kwamba mbwa, ng'ombe na Wakurya wenyewe wanaishi pande zote mbili, lakini kibali cha COSTECH kinaishia mpakani. Upande wa Isebania mtahitaji kibali cha NACOSTI, tume ya sayansi ya Kenya, na mshirika wa huko.

Mkitumia takwimu za zamani, angalieni mipaka ya utawala. Rorya ilitengwa kutoka Tarime mwaka 2007. "Tarime" ya takwimu za mwaka 2002 na "Tarime" ya sensa ya 2022 si eneo moja, na jedwali halitakuambia.

Kishikwambi na nyumba ntobhu

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo nilipojifunza uongozi kwa aibu.

Timu yetu ilikuwa inatumia dodoso la kaya lililotayarishwa mbali na Mara, limepangwa vizuri ndani ya vishikwambi. Kijana mmoja, mdadisi mzuri, alifika kwa mama mtu mzima huko Tarime ambaye alikuwa ameoa. Kwa Wakurya hilo halina mshangao: mwanamke asiye na mtoto wa kiume anaweza kutoa mahari ya ng'ombe akaoa msichana, na watoto watakaozaliwa wakawa wa nyumba yake. Ndiyo nyumba ntobhu. Kijana akajaza: mkuu wa kaya, Ke. Mwenzi wa mkuu wa kaya, Ke. Kioo kikatoa maandishi mekundu na kukataa kuendelea. Jua lilikuwa kali, kaya nne zilikuwa zinamsubiri, na posho yake ilihesabiwa kwa idadi ya kaya. Akambadilisha yule mama kuwa mwanamume, akaendelea mbele.

Tuligundua wiki tatu baadaye, tukisoma majedwali usiku. Tulipowauliza wadadisi, kila mmoja alikuwa na kaya ya namna hiyo, au mbili. Hakuna aliyetudanganya. Tulikuwa tumewapa chombo kisichoijua nchi wanayoishi, na hatukuwa tumewafungulia mlango wa kutuambia. Kosa lilikuwa la kiongozi, na kiongozi nilikuwa mimi.

Tulisimamisha kazi siku mbili. Wadadisi wakakaa mbele, wahadhiri nyuma, na wao wakaorodhesha ubaoni kila aina ya kaya wanayoijua kwenye vijiji vyao: boma la mume mwenye wake watatu, kila mke na nyumba yake na ghala lake, boma ambalo mbwa ni wa wote na hakuna anayejiita mwenyewe, bibi anayelea wajukuu, mjane aliyerithiwa lakini mume anaishi kwingine. Wakatufundisha pia namna ya kupata umri wa mzee asiyejua mwaka wa kuzaliwa: muulize rika lake la tohara, ambalo mara nyingi lina jina, kisha tafuta rika hilo lilikuwa la mwaka gani. Dodoso lilibadilika kurasa sita.

Kwa hiyo fanya hivi tangu mwanzo. Wadadisi waajiriwe kabla dodoso halijakamilika, ili walivunje wakiwa darasani. Usilipe posho kwa idadi ya kaya. Lipa kwa siku. Weka kwenye kila ukurasa nafasi ya maelezo huru, na mtu mwenye jukumu la kuyasoma kila jioni. Tafsiri ya Kiswahili peke yake haitoshi: maswali mazito yajaribiwe kwa Kikurya na Kingoreme, na kwa Kiikoma na Kinata mkienda upande huo, kwa kuyasema kwa sauti mbele ya wazee wawili watatu. Maneno ya "ridhaa" yasomwe hivyo pia. Mzee akiuliza "mtanifunga?", ujue fomu yenu imeandikwa kwa lugha ya polisi.

Kalenda ya watu, na siri zao

Kalenda ya mradi huandikwa na mtu anayefuata mwaka wa fedha wa mfadhili. Iweke kando ya kalenda ya watu. Tarime, msimu wa tohara huja Novemba na Desemba katika miaka inayogawanyika kwa mbili; barabara na maboma hujaa sherehe, na serikali na mashirika nayo yanakuwa macho kwa sababu ya ukeketaji wa wasichana. Timu ya wageni yenye vishikwambi vyenye kamera isipite boma kwa boma wakati huo, labda kama utafiti wenyewe unahusu tohara au ukeketaji na mmejiandaa kwa uzito wake. Mara ina Wasabato wengi, kwa hiyo mkutano wa kijiji wa Jumamosi utawakosa. Mvua za masika zitawafungia barabara. Siku ya mnada hutampata mwanamume yeyote nyumbani, ingawa mnadani kwenyewe utawapata wote.

Siri inahitaji uamuzi wa kiongozi, usimwachie mdadisi. Karibu na hifadhi, swali kuhusu nyama ya porini ni swali kuhusu kosa la jinai. Karibu na Nyamongo, swali kuhusu maji lina historia ndefu na mgodi wa dhahabu ulioko hapo. Msichana aliyekimbia ukeketaji anaweza kutambulika kwa kata na umri wake tu, bila jina. Amueni mapema ni ngazi gani ya eneo haitachapishwa kabisa, na nani ana funguo za faili lenye majina. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawabana ninyi pia, pamoja na mshirika wa ng'ambo anayetaka atumiwe faili lote kwa barua pepe usiku huu.

Majina

Nikiwa kijana nilitembea miezi mitano nikikusanya data za mradi mmoja mkubwa. Baadaye, maktabani, nikaikuta makala yake. Tulikuwa watu tisa uwandani, na mwisho wa makala tulishukuriwa kwa pamoja kama "timu ya wenyeji", bila jina hata moja. Sikukasirika siku ile. Nilikasirika miaka mitatu baadaye, nilipoomba nafasi ya uzamivu nikaulizwa nimechapisha nini.

Wahariri wa majarida ya tiba wana vigezo vinne vya mtu kuitwa mwandishi: awe amechangia kwa uzito katika kubuni kazi, kukusanya au kuchambua data, awe ameshiriki kuandika au kuhakiki, awe ameidhinisha nakala ya mwisho, na akubali kuwajibika kwa kazi hiyo. Wengi hukitumia kigezo cha pili kuwatupa nje watu wa uwandani: "hakuandika." Hakuandika kwa sababu hakualikwa. Ni wajibu wako kumwalika, kumpa rasimu mapema, na kukaa naye alasiri moja mkiipitia aya kwa aya, kwa Kiswahili ikibidi. Ukifanya hivyo utapata na faida nyingine: ataona kosa ambalo wahakiki watatu wa jarida wasingeliona, kwa sababu hawajawahi kufika Ring'wani.

Mila za fani zinatofautiana, na hapo ndipo ugomvi huzaliwa. Kwenye tiba ya mifugo na baiolojia, jina la kwanza ni la aliyefanya kazi kubwa, la mwisho ni la kiongozi. Wachumi wengi hufuata alfabeti. Wanahistoria huandika peke yao. Weka hayo mezani katika kikao cha kwanza. Andikeni orodha ya makala mnazotarajia, hata saba, na mbele ya kila moja jina la atakayetangulia. Angalau nusu wawe vijana, na kati yao wawemo Watanzania wanaosoma uzamili na uzamivu kupitia mradi. Orodha itabadilika; kila ikibadilika, ibadilishwe kikaoni, kwa maandishi.

Fani za historia zina mfano wao kutoka mkoa huu huu. Jan Bender Shetler, aliyeandika kitabu cha Imagining Serengeti, alihariri pia mkusanyiko wa 2003 unaoitwa Telling Our Own Stories, ambamo historia za Mara Kusini zimeandikwa na wenyeji wenyewe, nao wanatajwa kama waandishi.

Pesa, kwa ufupi

Bajeti ionekane na kila mshirika, mistari yote, pamoja na mishahara. Siri ya bajeti huvuja mwezi wa tatu na kuua mradi mwezi wa nne. Masurufu yatoke kabla ya safari. Mdadisi aliyekaa Machochwe wiki mbili akila kwa mkopo wa duka, data yake ya wiki ya tatu usiiamini, na usimlaumu. Mtenge fungu la matengenezo ya pikipiki, la bima ya mdadisi, na la chanjo ya kichaa cha mbwa kwa kila anayeshika mbwa. Tengeni pia fungu la mrejesho, lisilohamishika. Fungu hilo ndilo la kwanza kuliwa pesa zikipungua, kwa hiyo likae kwenye mkataba.

Vikao

Kikao cha mtandaoni kina upendeleo wa asili. Mwenye intaneti nzuri anaongea, wa Mugumu anakatika. Baada ya dakika kumi anaacha kujaribu, na muhtasari wa kikao unasema "hakuna hoja kutoka uwandani". Anza kila kikao na uwandani. Timu ya Mara ikutane kwanza peke yake kwa Kiswahili, iandike mambo yake matatu, yatumwe kwa maandishi siku moja kabla, na yajibiwe kwanza. Uenyekiti uzunguke. Mara moja kwa mwaka washirika wa ng'ambo waje walale Mugumu au Tarime mjini, wapande gari la uwandani, wakae kwenye benchi la ofisi ya kijiji wakisubiri mtendaji. Profesa aliyesubiri saa mbili kwenye benchi lile hatauliza tena kwa nini kaya ishirini kwa siku haziwezekani.

Ugomvi utakuja tu. Mkiwa na hati ya makubaliano inayotaja nani anaamua nini, mtagombana juu ya hoja. Msipokuwa nayo, mtagombana juu ya heshima, na huo hauishi.

Kurudisha majibu

Machi 2022 maji ya Mto Mara yalibadilika rangi na samaki wakafa. Serikali iliunda kamati ya wataalamu chini ya Profesa Samwel Manyele, na ripoti yake ilipotaja kinyesi na mkojo wa mifugo, mjadala mkali ulizuka nchi nzima. Sayansi ya kamati ile siihukumu hapa. Nakuomba tu uone jinsi watu wa kando ya mto walitaka kujua njia pamoja na jibu: sampuli zilichukuliwa wapi, siku gani, nani alishuhudia, zilipimwa wapi. Mkipima maji, udongo au damu katika wilaya hizi, mwalikeni mjumbe wa kijiji asimame pale chupa inapojazwa, aandike namba ya chupa hiyo kwenye daftari la kijiji. Jibu likirudi na namba ile ile, atalijua ni la mto wake.

Mrejesho usingoje makala ichapishwe, maana hiyo huchukua miaka. Baada ya kila msimu wa uwandani, rudini na karatasi moja yenye herufi kubwa kwa Kiswahili: tuliuliza nini, kaya ngapi, tumeona nini mpaka sasa, nini bado hatujui, simu ya nani ipigwe. Isomwe kwenye mkutano wa kijiji na mdadisi aliyekusanya data hapo. Wewe kaa pembeni. Maswali yatakuwa makali kuliko ya mtihani wa uzamivu, na baadhi ndiyo yatakuwa swali la andiko lijalo. Yaandikwe pamoja na majina ya walioyauliza, kama wataridhia.

Nakala moja ya karatasi hiyo ibaki kwa mtendaji, ndani ya faili, imegongwa muhuri. Mwaka mmoja baadaye, ukipita Mugumu kwa shughuli nyingine, ingia kwenye ofisi ile, saini kitabu cha wageni, na umwombe akuonyeshe faili. Nimefanya hivyo mara kadhaa. Safari moja karatasi haikuwemo, na mtendaji akaniambia amemwazima mwalimu mkuu, anayeitumia darasa la saba. Nilimfuata mwalimu shuleni. Ilikuwa imebandikwa ukutani kwa misumari miwili, na mtoto mmoja alikuwa amesahihisha kwa kalamu jina la kitongoji chao, tulilokuwa tumeliandika vibaya.